Visiwa vinavyotembea: Setilaiti zinaviona, lakini nani anaiambia Masese?

UCHAMBUZI

Tarehe 14 Aprili 2020, wakati Uganda ikiwa imefunga shughuli zake kwa sababu ya janga la korona, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Chanzo hakikuwa radi, wala nguzo iliyoanguka, wala upungufu wa maji. Kisiwa cha mafunjo na majani, kilichong'oka pwani na kuchukuliwa na upepo katika Ziwa Viktoria, kilifika Jinja na kuziba sehemu ambayo bwawa la Nalubaale huvutia maji ya kuendeshea mitambo. Mitambo ikazima, na gridi ya taifa ikaanguka pamoja nayo.

Kwa wakazi wa Masese, upande wa mashariki wa mji wa Jinja, habari ya kisiwa kinachotembea haikuwa ngeni. Kila msimu wa mvua kubwa wavuvi wa mwalo huo huviona visiwa hivyo vikipita au vikisimama mbele yao. Lililokuwa geni ni kwamba safari hii nchi nzima iliuona uzito wake. Uzito huo unaleta swali ambalo bado linangoja jibu: kama kitu chenye ukubwa wa kiwanja cha mpira kinaweza kusafiri ziwani siku kadhaa, tena mchana kweupe, kwa nini kifike mlangoni pa bwawa au juu ya nyavu za mvuvi bila mtu kupata taarifa mapema?

Uchambuzi huu unalitazama swali hilo kwa kuanzia mbali, katika bahari za barafu za kaskazini mwa dunia. Huko mataifa yamekuwa yakifuatilia vitu vinavyoelea na kuhama kwa zaidi ya miaka mia moja, na mengi waliyojifunza yanatuhusu sisi wa ikweta kuliko tunavyodhani.

Kisiwa huzaliwaje?

Pwani za Ziwa Viktoria upande wa Uganda zina ghuba nyingi zenye mafunjo. Mafunjo hayahitaji kuota katika udongo wa chini ya ziwa. Mizizi yake hufumana na kuwa mkeka mzito ambao unaweza kuelea ukiwa umeshikamana na ufuko. Maji ya ziwa yanapopanda, mkeka ule huinuliwa. Upepo mkali ukivuma na mawimbi yakiupiga, sehemu yake hukatika na kuanza safari. Juu yake huweza kuwapo vichaka, hata miti midogo, na kando yake hujikusanya magugu maji.

Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko ilivyowahi kushuhudiwa na wengi walio hai. Usawa wa ziwa umekuwa ukipimwa upande wa Uganda tangu mwaka 1896, na kwa zaidi ya nusu karne rekodi ilikuwa ile ya Mei 1964, mita 13.41 kwa kipimo cha Jinja. Katikati ya Mei 2020 kipimo hicho kilifika mita 13.42. Serikali iliagiza maji mengi zaidi yaachiwe kwenda Mto Nile, hadi takriban mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, na ikawataka watu waliojenga ndani ya mita 200 za ufuko waondoke. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, ziwa likapanda tena na kuivuka rekodi hiyo.

Mvua peke yake haielezi kila kitu. Maafisa wa mazingira wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba ukataji wa mafunjo, ujazaji wa vinamasi kwa kifusi na kilimo cha pembezoni mwa ziwa hulegeza mikeka hiyo. Ukingo uliokatwakatwa hauna nguvu ya kushikilia kilichobaki. Hivyo maji yanapoinuka, hukuta kazi ya kung'oa imekwisha kufanywa nusu na mikono ya watu.

Kwa nini Jinja? Jibu liko katika ramani. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 na hupokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Nile hapo Jinja. Aidha, pepo za kusini mashariki husukuma vitu vinavyoelea kuelekea pwani ya kaskazini. Kisiwa kikishaingia Ghuba ya Napoleon, kinakaribia mkondo wa mto, na chini kidogo ya chanzo cha mto huo ndiko liliko bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Masese imo katika njia hiyo.

Somo la bahari ya barafu

Barafu ya baharini ni maji ya bahari yaliyoganda kwa baridi. Huvunjika vipande, na vipande hivyo huendeshwa na upepo na mikondo. Vingine ni vidogo kama mkeka wa sebuleni na vingine vina upana wa kilomita nyingi. Meli ikikwama kati yake huweza kubanwa mpaka bodi lake likapasuka. Kwa hiyo nchi kama Kanada, Denmark na Norway zina idara ambazo kazi yake ni kuchora ramani za barafu na kuzituma kwa manahodha.

Kazi hiyo hutegemea vifaa vya namna mbili. Cha kwanza ni setilaiti yenye rada. Kamera ya kawaida ya angani huhitaji mwanga wa jua na anga isiyo na mawingu, na kaskazini ya mbali usiku wa majira ya baridi hudumu kwa wiki nyingi. Rada haina shida hiyo. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yakapita mawinguni, yakagonga uso wa bahari na kurudi. Maji matulivu huyaakisi mawimbi hayo upande mwingine kama kioo, hivyo katika picha huonekana meusi. Barafu yenye makunyanzi huyarudisha mengi, hivyo huonekana nyeupe. Mwaka 1995 Kanada ilirusha setilaiti ya RADARSAT-1, na ufuatiliaji wa barafu ulikuwa miongoni mwa sababu kuu za kuijenga. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014.

Kifaa cha pili ni boya. Watafiti hulipandikiza juu ya kipande cha barafu, nalo hutuma kwa setilaiti taarifa ya mahali lilipo, joto na mgandamizo wa hewa. Kipande kikienda, boya linakwenda nacho, na aliye ofisini anaiona njia yake saa kwa saa. Mpango wa kimataifa wa maboya ya Aktiki umekuwa ukifanya hivyo kwa zaidi ya miongo minne.

Mtu anaweza kuuliza: haya yanahusu nini mwalo wa Masese, ambako barafu huonekana katika masanduku ya samaki tu? Yanahusu sana. Kwa macho ya rada, kisiwa cha mafunjo hakitofautiani mno na kipande cha barafu. Vyote viwili ni vitu vyenye uso wa mparuzo vinavyoelea juu ya maji laini. Anga ya Ziwa Viktoria nayo hujaa mawingu hasa katika miezi ya mvua, ambayo ndiyo miezi visiwa vinapong'oka. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya usiku wa Aktiki kinafaa pia mchana wa mawingu wa Busoga.

Zipo hata tofauti zinazotupa nafuu. Karibu na ncha ya dunia, mzunguko wa sayari yetu huifanya barafu ikengeuke kuelekea kulia mwa upepo, na wanahesabu inawabidi kulisahihisha hilo katika kila utabiri. Jinja iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, na nguvu hiyo hapa karibu haipo. Mvuvi mzoefu anayesema kwamba kisiwa hufuata upepo anasema jambo ambalo hesabu za wataalamu haziwezi kulipinga kwa urahisi.

Ziwa Viktoria limekwisha kutazamwa

Haitakuwa mara ya kwanza kwa ziwa letu kufuatiliwa kutoka angani. Magugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, yaligunduliwa katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yalienea kwa kasi, yakafunga bandari, yakaziba mialo na kutishia bwawa la Jinja. Watafiti wa Marekani walitumia picha za setilaiti, zikiwemo za rada, kupima eneo lililofunikwa, wakakuta kwamba mwaka 1998 lilifikia takriban hekta 17,000. Picha hizo hizo zilionyesha magugu yalivyopungua miaka iliyofuata, baada ya fukusi wanaokula mmea huo kuachiwa ziwani kuanzia mwaka 1995, na baada ya mvua na dhoruba za El Niño kuyavuruga.

Kina cha ziwa nacho husomwa kutoka angani. Tangu mwaka 1992, kuanzia setilaiti ya TOPEX/Poseidon na zile zilizoirithi, mapigo ya rada yamekuwa yakipima urefu wa uso wa maji, na grafu ya Ziwa Viktoria hupatikana kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Uganda yenyewe ilipata setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, chombo kidogo chenye kamera kilichoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2022, huku kituo cha ardhini cha Mpoma wilayani Mukono kikitengwa kwa mawasiliano nacho.

Kuhusu visiwa, hesabu ni rahisi. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo hutolewa bure, zina vitone vyenye upana wa mita 10 kwa 10. Kisiwa cha ekari moja kitajaza vitone 40 hivi, jambo linalotosha kukitambua. Picha za kila siku za setilaiti nyingine, ambazo kitone kimoja kina upana wa mita 250, hazitakiona kwa sababu kitone hicho peke yake kina ukubwa wa ekari 15. Kwa hiyo picha inayokuja mara nyingi haina makali, na yenye makali haiji mara nyingi.

Hapo ndipo penye udhaifu. Setilaiti mbili za Sentinel-2 zikishirikiana hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5, na mawingu yakiwapo hazioni kitu. Sentinel-1 huona kupita mawingu, lakini chombo kimoja hurudia njia yake ile ile baada ya siku 12. Zilipokuwa mbili, pengo lilikuwa nusu ya hapo. Desemba 2021 moja kati ya hizo iliharibika na haikurudi kazini, na mwenzake mpya alirushwa Desemba 2024, miaka mitatu baadaye. Sasa chukua kisiwa kinachokwenda kilomita moja tu kwa saa, mwendo wa mzee anayetembea bila haraka. Upepo ukishikilia upande mmoja, katika siku 5 kitakuwa kimekwenda kilomita 120. Setilaiti iliyokiona karibu na visiwa vya kati itarudi na kukikuta kimekwisha kufika pwani.

Watu wa Aktiki walilitatua tatizo hilo kwa boya. Setilaiti huonyesha vipande viko wapi, na boya hujaza siku zilizo katikati. Hapa kwetu hata boya la gharama halihitajiki. Mwenye bodaboda au basi dogo mjini Jinja hufunga kifaa kidogo cha kufuatilia chombo chake, ambacho madereva hukiita traka, na hukiona kwenye simu yake kikitembea mtaani. Mtandao wa simu unafika mbali ziwani katika maeneo mengi ya karibu na pwani. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia kifaa cha namna hiyo, kikiwa ndani ya chombo kisichoingiza maji pamoja na kipande cha sola, kufungwa kwenye mafunjo ya kisiwa kilichoonekana kikielekea Ghuba ya Napoleon. Mashua moja, kamba na saa chache za kazi vinatosha.

Onyo lisilomfikia nahodha

Hata hivyo, historia ya barafu ina somo zito kuliko la vifaa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, miaka 108 kamili kabla ya umeme wa Uganda kukatika, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu katika Bahari ya Atlantiki, na watu takriban 1,500 wakafa. Meli ile haikukosa maonyo. Siku hiyo ilipokea kwa redio taarifa kadhaa za barafu kutoka meli nyingine. Onyo la mwisho lenye maelezo ya barafu iliyokuwa mbele yake, kutoka meli ya Mesaba, lilipokelewa katika chumba cha redio lakini halikufika kwa maafisa waliokuwa wakiiongoza meli.

Baada ya msiba huo mataifa yaliunda Doria ya Kimataifa ya Barafu, ambayo hadi leo hutangaza mpaka wa hatari kwa meli zinazovuka Atlantiki ya Kaskazini. Nguvu ya doria hiyo iko katika utaratibu kuliko katika macho yake. Taarifa hutoka kwa saa inayojulikana, kwa lugha inayoeleweka, na kila nahodha anajua ataipata wapi.

Tukirudi Jinja, vifaa vya kuona vipo, na wataalamu wa kuvisoma wapo. Mji huu una makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, chombo cha nchi za ukanda huu kilichoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Una pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Uvuvi, na una wahandisi wa mabwawa ya Nalubaale na Kiira, ambayo tangu mwaka 2023 yako mikononi mwa kampuni ya serikali ya uzalishaji umeme. Miji ya ziwani yenye elimu nyingi ya maji kiasi hiki ni michache.

Lakini kiungo kati ya ofisi hizo na mtumbwi kimekuwa dhaifu. Vikundi vya usimamizi wa mialo, vilivyojulikana kwa herufi BMU, vilisimamishwa Uganda mwaka 2015 kwa madai ya kushindwa kuzuia uvuvi haramu. Mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani kusimamia uvuvi. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga hatua hizo, lakini tokeo moja halibishaniwi: mjumbe wa mwalo ambaye zamani angepigiwa simu na kuambiwa "kisiwa kinakuja, waambie wenzako watoe nyavu" hana tena nafasi iliyo wazi katika mnyororo wa taarifa.

Bwawa lina walinzi wake na mashine za kuondoa majani. Msambazaji wa umeme akipata hasara, hasara hiyo huandikwa. Mwenye mtumbwi wa Masese, nyavu zake zikifagiliwa na kisiwa usiku, hasara yake haiingii katika ripoti yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye vizimba vya samaki, ambavyo haviwezi kukimbia. Mama anayenunua mukene alfajiri na kuianika ili auze sokoni hupoteza siku nzima mtumbwi unaposhindwa kutoka. Abiria wa visiwa vya Kisima, ambao hutegemea mashua kwa shule, zahanati na soko, hungoja ufukweni njia ifunguke. Na upande wa Kenya, katika ghuba ya Winam, wavuvi wamewahi kunaswa katikati ya magugu maji wakashindwa kurudi nchi kavu.

Lugha ya onyo

Liko jambo jingine ambalo sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri habari tunaliona kila siku. Taarifa za hali ya ziwa huandikwa kwa Kiingereza, kwa vipimo vya kitaalamu, na hufika katika vyumba vya habari zikiwa nyaraka ndefu. Mpaka zitafsiriwe, zifupishwe na kusomwa hewani, upepo umekwisha kubadilika.

Masese ni mahali pa watu wengi. Wapo Wasoga wenyeji, wapo Wasamia na Wajaluo walioufuata uvuvi, wapo Wakaramojong waliohamia mjini, na wapo watu wa makabila mengine walioletwa na reli, viwanda na bandari. Lugha inayowaunganisha wengi wao mashuani, hasa wanapokutana na wenzao kutoka Kenya na Tanzania, ni Kiswahili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kuitekeleza. Utekelezaji huo umezungumzwa zaidi katika habari ya shule na mitihani. Ziwani ungeweza kuokoa mali, na pengine maisha.

Kwamba jambo hili linawezekana, tumekwisha kuona. Kuanzia mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizisaidia idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki kutoa utabiri maalumu wa Ziwa Viktoria. Ziwa liligawanywa katika maeneo, na kila eneo likaelezwa upepo wake, mawimbi yake na uwezekano wa radi. Mvuvi hakupewa grafu. Alipewa maneno machache ya kumsaidia kuamua kama aingie majini au angoje. Visiwa vinavyoelea vinaweza kuongezwa katika taarifa ya namna hiyo bila kujenga ofisi mpya.

Tena visiwa vina fadhila moja ambayo majanga mengine hayana. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20, muda kati ya mvua kubwa na maafa ulikuwa wa saa tu. Kisiwa cha mafunjo hakina kasi hiyo. Mara nyingi hutoa siku nzima, na pengine siku kadhaa. Ni aibu kupoteza muda ambao maji yenyewe yametupa.

Kinachoweza kufanyika

Kwanza, picha za rada na za kamera zinazotolewa bure zisomwe kwa ajili ya pwani ya kaskazini kila zinapopatikana, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na visiwa vikubwa vipewe namba kama wafanyavyo watu wa barafu. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtaalamu mmoja mwenye kompyuta nzuri.

Pili, kisiwa kinachoelekea Ghuba ya Napoleon kifungwe traka. Boti za jeshi na polisi ziko ziwani kila siku, na wavuvi wako ziwani kila usiku. Wavuvi wakilipwa kidogo kwa kukipandikiza kifaa hicho, watakuwa sehemu ya kazi, na taarifa wanayoileta itathaminiwa. Hapa maarifa ya mwalo na ya setilaiti yanahitajiana: rada huweza kukosea, kwa kuwa upepo ukiyakoroga maji nayo huonekana meupe katika picha, lakini mvuvi aliyeko pale hatakosea kati ya povu na mafunjo.

Tatu, taarifa itoke kwa saa moja inayojulikana, kwa Kiswahili, Lusoga na Luganda, redioni na kwa ujumbe wa simu. Isiwe ndefu. Iseme kisiwa kiko wapi, kinaelekea wapi, na nani aondoe nini njiani. Mwalo uwe na mtu aliyeteuliwa kuipokea na kuipaza, hata kwa kipaza sauti cha mkononi.

Wapo watakaosema kwamba bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600 na lililozinduliwa Septemba 2024, limeipunguzia Jinja mzigo, hivyo kisiwa kimoja hakitazima tena taa za nchi. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa gridi. Lakini maji ya Bujagali, Isimba na Karuma yote hupita kwanza katika lango la Jinja. Na bwawa la Karuma haliwezi kuzirudisha nyavu za mtu wa Masese.

Wala tatizo haliishii katika mlango huu. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, visiwa vya mafunjo viliziba njia ya kutokea ya Ziwa Kyoga, maji yakajaa nyuma yake na kuzamisha mashamba na makazi ya pwani. Mto huu ni mmoja, na kilichong'oka hapa huweza kumkuta jirani wa chini.

Maji ya ziwa yatapanda na kushuka kama yalivyofanya tangu kabla ya kipimo cha mwaka 1896. Mafunjo nayo yataendelea kukatika, zaidi pale yanapokatwa. Hayo hayawezi kuondolewa kwa amri. Kinachoweza kuondolewa ni hali ya picha kupigwa kutoka umbali wa kilomita mia kadhaa angani, ikatua katika kompyuta ya ofisi, kisha ikakosa njia ya kuvuka mtaa mmoja hadi ufukweni. Msikilizaji wetu wa Masese, Walukuba au Kisima ana haki ya kuuliza taarifa hiyo huishia kwa nani, na viongozi wake, kuanzia kamati ya mwalo hadi wizara, wanapaswa kumjibu kabla ya mvua zijazo.